Agari ya CLED: kopo la kwanza kununua kama maabara yenu ndo inaanza kuotesha mkojo

Naandika hii kwa wenzangu wa maabara za hospitali za wilaya na vituo vya afya vikubwa, nyie ambao inkubeta (kabati la joto la kuoteshea) mmeshapata, otokleivu (chombo cha mvuke cha kuulia vijidudu) ipo, alafu hela ya midia, yani vyakula vya kuoteshea bakteria, imekuja kiduchu na inchaji anawauliza tuagize nini kwanza. Jibu langu ni CLED, yani agari yenye sistini na laktosi lakini yenye upungufu wa chumvi. Sio MacConkey ambayo karibu wote tulifundishwa nayo chuoni, sio agari ya damu, na wala sio zile za rangirangi za bei mbaya ambazo ukiziona kwenye katalogi unatamani uagize katoni nzima. Kwa kazi ya mkojo CLED naipa nyota nne na nusu kati ya tano, na hiyo nusu iliyokatwa nitaeleza imeenda wapi.

Nimeanza na mkojo kwasababu ndo sampuli inayojaa benchini kila siku ya Mungu, na pia kwasababu hapa kwetu Tanzania sijui kama kuna mtu mzima ambaye hajawahi kuambiwa ana UTI. Mtu anaingia analalamika kiuno, anapewa kikopo, mkojo unaangaliwa kwenye hadubini, zinaonekana seli za usaha mbili tatu, basi anaandikiwa sipro anaenda zake, wiki mbili mbele karudi na malalamiko yaleyale anaandikiwa dawa kali zaidi. Hakuna aliyejua kama kulikuwa na bakteria, ni bakteria gani, na dawa gani inamuua. Kuotesha ndo kunakata huo mzizi wa kubahatisha, na ukiamua kuotesha mkojo basi unahitaji midia moja ambayo kwa pesa ndogo itakuonyesha karibu kila kitu kinachosumbua kibofu cha binadamu. Hapo ndo CLED inapoingia.

Ndani ya kopo hamna maajabu. Kuna peptoni na supu ya nyama kama chakula, laktosi gramu 10 kwa lita, asidi amino inaitwa sistini kidogo sana, rangi ya bromothimoli bluu, na agari yenyewe kama gramu 15 kwa lita ya kugandisha. Kitu cha muhimu ni kile ambacho hakimo, yani chumvi ya mezani. Mtaalamu mmoja wa Uingereza anaitwa Sandys mwaka 1960 alitengeneza agari yenye upungufu wa chumvi makusudi ili kumdhibiti Proteus, bakteria anayetambaa sahani nzima akawafunika wenzake, alafu baadae akishirikiana na Mackey wakaiboresha mpaka ikafika kwenye hii tunayotumia sasa. Sistini imewekwa kwa ajili ya wale E. coli wadogo wadogo ambao bila hiyo asidi hawakui vizuri na ungewapita bila kuwaona.

Sasa niwaelezee inavyosoma, maana hapa ndo nilipoipendea. Sahani mbichi ina rangi ya kijani inayoelekea bluu, ukiishika kwenye mwanga unaona upande wa pili. Unapanda mkojo jioni, asubuhi baada ya masaa 18 mpaka 24 kwenye nyuzi 35 hadi 37 unafungua inkubeta. Kama ni E. coli sahani nzima imegeuka njano, koloni (vile vikundi vya bakteria vinavyoonekana kwa macho) ni za njano zisizopitisha mwanga na katikati pamekolea kidogo, kwasababu amekula laktosi akatoa asidi na ile rangi ya bromothimoli ikapata asidi inakuwa njano. Klebsiella nae njano lakini koloni zake zinanona, zina ute, ukigusa na lupu (kijiti chenye kitanzi cha kuchotea) zinavutika. Proteus hali laktosi kwaiyo anabaki na rangi ya bluu, koloni zinapitisha mwanga, na harufu yake mtu wa maabara haulizi mara mbili. Pseudomonas anatoka kijani, uso wa koloni hauna mng'ao na pembeni pamechakaa chakaa. Staphylococcus aureus njano iliyokolea, zile Staphylococcus nyingine zinakuwa na njano iliyopauka, Enterococcus ni vidoti vidogo vya njano, kama nusu milimita hivi. Hata fangasi wa Candida anaota humo. Yani kabla hujashika slaidi ya Gram (rangi inayogawa bakteria makundi mawili, chanya na hasi), kabla hujafanya vipimo vya utambuzi kama indoli na oksidesi, tayari una picha ya kichwani unaelekea wapi. Hilo halikupi ruhusa ya kuruka vipimo vya utambuzi, vipimo lazima, ila unajua uanze na kipi na hilo peke yake linaokoa rijenti.

Linganisha na MacConkey. Naiheshimu sana, Alfred MacConkey aliitoa kule Liverpool mwanzoni mwa karne iliyopita na mpaka leo hakuna maabara isiyoijua, koloni za pinki kwa wanaokula laktosi na zisizo na rangi kwa wasiokula. Lakini MacConkey imejengwa ili iwazuie wengine wasiote. Ina chumvi za nyongo na kristali vayoleti, hivyo wale wa Gram chanya wengi wanakwama. Kwa kinyesi hiyo ni sifa kubwa. Kwa mkojo unakuta dada wa miaka ishirini na kitu ana maumivu kweli kweli, mkojo una usaha, unapanda kwenye MacConkey peke yake asubuhi sahani safi, unaandika hakuna uoto, kumbe alikuwa na Staphylococcus saprophyticus ambaye kwa wasichana ni wa kawaida kabisa. Jibu la namna hiyo linaumiza, kwasababu dokta akiliona anaamua kwamba mgonjwa anajifanyisha au anamtafutia ugonjwa mwingine. CLED haizuii, inawaachia wote waote, Gram hasi na Gram chanya, na hii kwangu ndo sababu namba moja ya kuitanguliza.

Na agari ya damu je. Agari ya damu inaotesha wengi na inakuonyesha kupasuka kwa chembe za damu, ile alfa, beta na gama, hakuna anayebisha. Tatizo la kwanza ni Proteus. Ukimpanda kwenye damu hakai sehemu aliyowekwa, anatambaa, asubuhi unakuta utando mwembamba umefunika sahani yote pete juu ya pete, na kama alikuwa na mwenzake humo chini huyo mwenzake humpati tena kwa urahisi. Kwenye CLED Proteus yuleyule anakaa koloni moja moja ametulia, unamhesabu, unamchukua, unaendelea na kazi. Nimewahi kuziweka sahani hizi mbili pembeni kwa pembeni za mkojo mmoja wa mzee aliyekuwa na mpira wa mkojo, upande wa damu ni utando mtupu, upande wa CLED zinaonekana koloni za bluu za Proteus na katikati yake vidoti vya njano vya Enterococcus. Wanafunzi wa mazoezi walioiona ile sahani sikuwa na haja ya kuwahubiria tena.

Tatizo la pili la agari ya damu ni damu yenyewe. Inatakiwa damu ya kondoo iliyotolewa faibrini, kama asilimia 5, unaichanganya agari ikishapoa kwenye nyuzi 45 mpaka 50. Kondoo anataka malisho, anataka mtu wa mifugo, anataka sehemu. Matokeo yake watu wanaenda benki ya damu kuchukua chupa zilizoisha muda, na damu ya mtu ina sitreti, inaweza kuwa na kingamwili na hata mabaki ya antibayotiki ya aliyetoa, uoto unakuwa wa kubahatisha alafu na wewe unajiweka kwenye hatari ya maambukizi bila sababu. Kama kondoo huna, CLED haikudai kondoo.

Ila sikilizeni, CLED inakudai maji. Hapa nikae kidogo kwasababu ndo sehemu ambayo maabara nyingi zinaiharibu midia nzuri alafu zinailaumu. Nimesema sifa kubwa ya hii midia ni upungufu wa chumvi. Sasa wewe ukichukua poda isiyo na chumvi ukaikoroga na maji ya kisima, na wote tunajua visima vya Dar na ukanda wote wa pwani maji yake unayaonja ulimini, umeirudisha chumvi yote ambayo mtengenezaji alihangaika kuiondoa. Proteus anaanza kutambaa kama kawaida yake, mtu anakasirika anasema kopo hili feki. Sio feki, ni maji. Hata maji ya bomba sio salama kwa hili, na maji ya chupa ya dukani pia usidanganyike kwasababu mengi yanaongezwa madini makusudi ili yawe na ladha. Yanatakiwa maji yaliyokenekwa au yale ya mashine ya kuondoa ioni, na kimashine kidogo cha kupimia upitishaji umeme wa maji kitawasaidia sana maana mashine ya kukeneka ikichoka haipigi kelele, inaendelea tu kutoa maji yanayoonekana safi. Kama maabara yenu haina chanzo cha maji ya namna hiyo cha kuaminika basi kabla ya kopo la CLED shughulikieni maji kwanza, na hili ni kwa midia zote ila CLED ndo inayoadhibu haraka zaidi.

Kupika ni rahisi. Gramu 36 na ushee kwa lita moja, someni lebo ya kopo lenu msikariri ya kwangu, unachemsha mpaka poda yote iyeyuke, unaweka kwenye otokleivu nyuzi 121 dakika 15, ikitoka unaiacha ipoe mpaka uweze kuishika chupa mkononi ndo unamimina. Kosa linalojirudia ni kuisahau kwenye otokleivu, au kuigandisha na kuiyeyusha tena na tena kila wakikosa sahani. Agari iliyopikwa kupita kiasi haigandi vizuri, inabaki laini kama uji, ukipitisha lupu inachanika na pH inakuwa imeshuka, hapo sahani inaanza maisha ikiwa inaelekea njano hata kabla ya bakteria. Ukiona sahani mbichi haina ile rangi ya kijani bluu usipande mkojo wa mgonjwa juu yake. Na muwe mnazikausha kabla ya kutumia, sahani yenye matone ya maji juu koloni zinateleza zinaungana, alafu ndani ya inkubeta sahani inalala kifudifudi, mfuniko chini, siku zote.

Agari hii yote tunayogandishia, kwa faida ya wasiojua, tunamshukuru mama mmoja Fanny Hesse, mke wa daktari Walther Hesse aliyekuwa akifanya kazi na Robert Koch kule Ujerumani. Miaka ya 1881 na 1882 walikuwa wanahangaika na jelatini inayoyeyuka kwenye joto, yeye ndo akashauri agari ambayo alikuwa anaitumia jikoni kwake. Koch huyohuyo mwaka 1905 alikuwa huku kwetu, Dar es Salaam na Amani kule Usambara, akiichunguza homa ya papasi. Na watu huwa wananiuliza mbona Zanzibar tunalima mwani mwingi hivyo tusitengeneze agari wenyewe. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani ni wa aina inayotoa karajini, agari inatoka kwenye aina nyingine za mwani kama Gelidium na Gracilaria. Natamani sana siku moja mtu wa vyuo vyetu alifanyie kazi hilo maana pwani tunayo.

Turudi kwenye benchi. CLED inaenda pamoja na lupu yenye kipimo, na kama hamna lupu yenye kipimo hamfanyi kuotesha mkojo, mnafanya kitu kingine. Lupu ya mikrolita 1, koloni moja asubuhi ni bakteria 1,000 kwa mililita ya mkojo. Koloni mia moja ni 100,000, ile namba ambayo Edward Kass wa Boston aliiweka miaka ya 1950 kama mpaka wa kusema mtu ana maambukizi na ikakaa kwenye vichwa vya watu mpaka leo. Lupu ya mikrolita 10, koloni moja ni 100. Lupu inazamishwa ikiwa imesimama wima, chini kidogo tu ya uso wa mkojo, ukiilaza inabeba zaidi ya kipimo chake na hesabu yote inakuwa uongo. Unachora mstari mmoja katikati ya sahani toka juu mpaka chini, alafu unaukata kwa mistari ya kwenda na kurudi pande zote. Inachukua muda mfupi sana ukishazoea, na asubuhi unahesabu bila kukisia.

Mimi napenda watu wawe na lupu zote mbili. Walter Stamm na wenzake mwaka 1982 walionyesha mwanamke mwenye dalili kali anaweza kuwa na bakteria 100 tu kwa mililita na akawa mgonjwa kweli, na huyo kwa lupu ya mikrolita 1 humuoni kabisa, unaandika hakuna uoto. Kwa mwenye dalili tumia ya 10. Na wajawazito, hawa wanatakiwa kuoteshewa hata kama hawalalamiki popote, kwasababu bakteria aliyekaa kimya kwenye kibofu cha mjamzito anaweza kupanda mpaka kwenye figo. Kwao ongezeni na sahani ya agari ya damu pale inapopatikana maana Streptococcus wa kundi B anaonekana vizuri zaidi huko kuliko kwenye CLED.

Sasa ile nusu nyota. Ya kwanza, kwakuwa haizuii mtu, haikulindi dhidi ya sampuli mbovu. Mkojo uliokingwa bila kujisafisha, au uliokaa dirishani wodini tangu asubuhi ukaletwa saa nane mchana, utakuotea kila kitu, koloni za aina tatu nne zimebanana na hujui nani mgonjwa nani mpita njia. E. coli kwenye mazingira mazuri anajigawa kila dakika 20 au hapo karibu, hebu piga hesabu ya masaa yote hayo kwenye joto la Dar. Mkojo upandwe ndani ya masaa mawili, ukishindikana uwekwe kwenye friji nyuzi 4 na usizidi masaa 24, au mtumie vikopo vyenye asidi ya boriki. Masista wa wodini ni watu wa kukaa nao mkaelewana, sio kuwaandikia tu sampuli imekataliwa. Kuna wodi moja tulikaa na sista inchaji wake tukaomba tu wasikusanye mkojo kabla mhudumu wa kuupeleka hajafika, na kwa jinsi nilivyoona sahani za mchanganyiko kutoka wodi hiyo zilipungua sana.

Ya pili, usiichelewe kuisoma. Ukiiacha ikapitiliza masaa 24 ile njano inasambaa sahani nzima na koloni za bluu zilizokuwa humo zinaonekana nazo za njano, mchanganyiko unajificha. Kwa maabara zisizo na mtu wa zamu wikiendi hili ni tatizo la kweli, mkojo wa Ijumaa jioni unasomwa Jumatatu. Kama wikiendi hakuna mtu basi kubalianeni sampuli za Ijumaa zisipandwe jioni.

Ya tatu, na hii nasisitiza, CLED sio ya kupimia usugu wa dawa. Nimeona sehemu watu wanaweka visahani vya dawa juu ya CLED ileile waliyooteshea, wanapima duara la kuzunguka kisahani ambalo bakteria hawajaota, wanaandika inatibika au sugu. Duara zote zilizoandikwa kwenye majedwali zimepimwa kwenye agari ya Mueller-Hinton yenye unene wa milimita 4, kama mililita 25 kwa sahani ya milimita 90, pH 7.2 hadi 7.4, na bakteria waliokorogwa mpaka wakafikia ukungu wa McFarland 0.5, yani kama milioni 150 kwa mililita. Ukibadilisha midia hata kiwango cha madini kinabadilika, na kwa dawa kama jentamaisini dhidi ya Pseudomonas kalsiamu na magnesiamu zikicheza na duara linacheza. Kwaiyo kopo la pili baada ya CLED ni Mueller-Hinton, bila mjadala. Hii ilitengenezwa mwaka 1941 na John Howard Mueller na Jane Hinton, na Jane alikuwa dada mweusi wa Kimarekani ambaye mwaka 1949 alihitimu udaktari wa mifugo, mmoja wa wanawake weusi wawili wa kwanza nchini kwao kupata shahada hiyo. Kila siku ya kazi jina lake liko mdomoni mwetu na wengi hatukufundishwa kuwa ni la nani, nadhani inafaa walimu wa vyuo vya maabara walitaje.

Kuhusu kununua. Kopo la gramu 500, kwa gramu 36 kwa lita linakupa karibu lita 14, ukimimina mililita 20 kwa sahani unapata sahani kama 690. MacConkey inakula gramu 50 hivi kwa lita, kopo la ukubwa huohuo ni sahani 500. Kwaiyo hata bei ya kopo ikiwa sawa, kwa sahani CLED inakuja nafuu. Pia kwa wale wanaogawa sahani katikati wakapanda wagonjwa wawili, inawezekana kwa CLED kwasababu Proteus hahami nyumba, ingawa mimi kwa mkojo wenye usaha mwingi napendelea mgonjwa mmoja sahani moja.

Nimetumia za Oxoid za Uingereza na HiMedia za India na zote mbili zilinifanyia kazi vizuri, Oxoid inakaa juu kidogo kibei na HiMedia inapatikana kirahisi zaidi kwa mawakala wetu. Cha kuangalia zaidi ya jina ni hali ya kopo. Wakala mmoja aliwahi kutuletea makopo ambayo tarehe ilikuwa bado nzuri kabisa lakini ukitikisa husikii poda ikicheza, ukifungua imeshikana donge moja gumu, maana yake ilishavuta unyevu mahali fulani njiani au stoo. Poda ya hivyo usiivunje vunje ukatumia, irudishe. Fungua kopo mbele ya aliyeleta, tikisa, angalia sili, andika tarehe ya kufungua kwa kalamu isiyofutika, na ukishachota funika muda huohuo, hali ya hewa ya pwani haitanii na kopo lililoachwa wazi. Na tafadhali kopo lisikae juu ya otokleivu, nimeona hiyo sehemu zaidi ya moja.

Kila ukipika batchi mpya, kabla ya sahani ya kwanza ya mgonjwa, panda bakteria unaowajua. E. coli ATCC 25922 itoke njano, Staphylococcus aureus ATCC 25923 itoke njano iliyokolea, Proteus wa kuaminika atoke bluu na asitambae, na sahani moja isiyopandwa kitu ikae usiku kucha inkubeta itoke safi. Huyo Proteus ndo mlinzi wenu wa maji, siku akianza kutambaa kaangalieni mashine ya kukeneka. Watu wanaona huu ni upotevu wa sahani nne, mimi naona sahani nne ni bei ndogo kuliko kupeleka majibu ya uongo ya wiki nzima wodini.

Zile za rangirangi nilizozitaja juu, mfano CHROMagar Orientation ambayo E. coli anatoka pinki iliyokolea, Klebsiella bluu na Enterococcus kibuluu kidogo cha kung'aa, ni nzuri kusema kweli na mchanganyiko unaonekana vizuri kuliko CLED. Kama hospitali yenu ni ya rufaa na mikojo ni mingi na hela ipo, chukueni. Kwa wilaya inayoanza, hela hiyohiyo ni bora inunue Mueller-Hinton, visahani vya dawa na bakteria wa kudhibiti ubora. Na kwa zahanati ambayo haina maabara ya kuotesha kabisa kuna vile vijiti vya kuchovya kama Uricult ya Finland, upande mmoja una CLED upande wa pili MacConkey, unachovya kwenye mkojo unafunika unakituma hospitali kikiwa kimeshaanza kuota njiani, ni wazo zuri sana kwa wenzetu walio mbali na hospitali na natamani vingekuwa vinapatikana kwa wingi zaidi huku.

Wasiotakiwa kuinunua ni wanaotafuta midia ya kinyesi, nyie nendeni na MacConkey na XLD (midia nyingine ya bakteria wa kinyesi), na kipindupindu kikiwa jirani muwe na TCBS, midia ya bakteria wa kipindupindu, stoo. Kwa maji ya uti wa mgongo mnahitaji agari ya damu na ya chokoleti na mtungi wa mshumaa, CLED haitawapa Haemophilus wala Neisseria. Kwa makohozi ya TB hii haihusiki kabisa.

Kwaiyo oda ya kuanzia kwa benchi la mkojo, kama mimi ndo ningekuwa naijaza fomu yenu, ni CLED kopo moja, Mueller-Hinton makopo mawili maana kila koloni ya maana utakayoipata kwenye CLED itataka sahani yake ya usugu na unene wa milimita 4 unakula poda, lupu za mikrolita 1 na 10, vikopo vya mkojo vyenye mfuniko wa kukaza, na mashine ya kukeneka ikaguliwe kabla mzigo haujafika.